Somo: Begi jepesi la kukimbilia mlimani kwa bei ya mtumba (Moshi na Arusha)

Wadau, nimechoka kujibu "kaka, begi gani zuri la kukimbilia Mweka" kwa meseji, mmoja baada ya mwingine. Naandika mara moja hapa, atakayeuliza tena namrushia linki.

Somo hili ni la wanaokimbia wakipandisha mlima: upande wa Kilimanjaro, Materuni, Kibosho, Mweka, na kwa watu wa Arusha, Olmotonyi na vijiji vya miguuni pa Mlima Meru. Kama mbio zako ni lami kutoka Majengo mpaka uwanja wa Ushirika na kurudi, huhitaji begi. Shika chupa mkononi, uende.

Hatua ya 1: Sahau jina la kampuni. Belo la mitumba halifunguliwi kwa oda, unachagua kati ya yaliyomo.

Hatua ya 2: Anza na mzigo, begi baadaye. Weka mezani kila kitu utakachobeba. Uingereza, kwenye mbio zao za vilima wanazoziita fell running, waandaaji wanaweza kukukagua kabla hujaanza: koti lisilopitisha maji lenye kofia yake, suruali ya mvua, kofia ya joto, glavu, ramani, dira, filimbi na chakula cha akiba. Kwetu, kama njia unaijua na vijiji viko karibu, dira unaweza kuiacha nyumbani. Koti usiache. Joto hushuka kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Unatoka mjini na singlendi unahema kwa jua, ukifika Mweka ukungu unashuka, na jasho lile lile lililokuwa linakupoza ndilo linalokutetemesha.

Ukishaona mzigo, ujazo unajulikana wenyewe. Mbio za saa mbili mpaka nne, lita 5 hadi 8 zinatosha. Kutwa nzima, 10 hadi 12. Likizidi 15 hilo ni la kutembelea: ukilikimbilia likiwa nusu tupu, vitu vinahamahama ndani mpaka unachoka kwa kelele tu. Mabegi mengi yameandikwa ujazo kwenye lebo ya ndani. Lebo ikiwa imekatwa, pakia chupa za maji za nusu lita mpaka zipu igome kufunga, halafu hesabu. Mbili ni lita moja. Jibu litapungua kidogo kwa sababu ya nafasi kati ya chupa, ila litakuonyesha kama ni la 5 au la 12.

Hatua ya 3: Lipime likiwa tupu. Muombe muuza maharage mzani wake. Begi halisi la kukimbilia la lita 10 huwa kati ya gramu 200 na 400. Likifika nusu kilo, liache. Begi la shule lenye sponji nene huvuka hapo kabla hujaweka hata njugu.

Hatua ya 4: Pa kutafuta. Moshi: Memorial na Kiboriloni. Arusha: Samunge, na Tengeru siku za soko. Kwa kuwa ni madogo, wauzaji huyachanganya na mabegi ya chekechea, kwa hiyo usiangalie yaliyotundikwa juu, piga magoti kwenye rundo. Tafuta dalili tatu: kifungo cha plastiki cha kifuani chenye filimbi ndani yake, tundu dogo karibu na shingo la kupitishia mpira wa kunyonyea maji, na mifuko kwenye mikanda ya mbele. Ukikuta mbili kati ya hizo, umelipata. Usilifurahie mbele ya muuzaji.

Hatua ya 5: Lijaribu likiwa na mzigo. Hapa ndipo wengi hupigwa, na mimi nilishapigwa. Begi tupu humkaa kila mtu. Nenda sokoni na chupa mbili za lita moja na nusu zilizojaa, hizo ni kilo 3, pamoja na sweta. Sweta chini, chupa juu, karibu na mabega. Kaza mikanda ya mabega kwanza, kisha vuta pumzi mpaka mbavu zifunguke, ndipo ukaze ya kifuani. Ukikaza huku umetoa pumzi, kilima cha kwanza tu utadhani umeshikwa na pumu. Chini ya begi paishie juu ya kiuno. Likigusa kiuno litakupiga kila hatua. Halafu kimbia nalo mpaka barabarani na kurudi, na kama kuna ngazi, shuka nazo mbio. Kupanda hakukuambii kitu kwa sababu umeinama na begi limelala mgongoni. Ni kwenye mteremko ndipo linaanza kurukaruka, na mshono ulioonekana laini sokoni unageuka msumeno.

Tahadhari:
- Kabla hujakimbia nalo mwachie muuzaji hela yake, au umwache rafiki pale. Usije ukaitiwa mwizi Memorial kwa ajili ya somo langu.
- Pitisha kidole ndani ya mkanda wa bega, juu ya mfupa wa mtulinga. Ukigusa mshono mgumu hapo, rudisha. Vaselini haitakuokoa.
- Mkanda wa kifuani ukiwa mmoja tu na haupandi wala kushuka, begi litayumba kulia na kushoto. Miwili inayosogea ndiyo mizuri.
- Jaribu ukiwa umevaa fulana unayokimbilia. Ukiwa na jaketi kila begi linakaa.

Hatua ya 6: Kagua uzee. Sugua kitambaa kwa ndani. Kikinata au kikiacha unga mweupe vidoleni, ule utando wa kuzuia maji umekufa na hakuna fundi wa kuufufua. Bado unaweza kulinunua, lakini kwa bei ya begi bovu. Zipu nzito si kasoro, pitisha mshumaa kwenye meno yake itateleza. Zipu iliyoachia meno ndiyo kasoro.

Hatua ya 7: Fundi cherehani. Mikanda mirefu inayopigapiga ikatwe, ubakize urefu wa kiganja, ncha ziunguzwe kwa kiberiti zisifumuke. Kama begi linacheza pembeni, mwambie ashonee mpira wa elastiki kila upande.

Hatua ya 8: Mvua. Hakuna begi la aina hii linalozuia masika. Nguo za kubadili zifunge ndani ya mfuko. Rambo, ile mifuko ya plastiki ya kubebea, zimepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo tunza mfuko mzito wa nailoni uliofungashiwa unga au sukari, uoshe, utumie huo.

Maswali yaulizwe hapa chini, sio kwenye meseji.

---

Dogo Soweto: Bei?

Mzee wa Miteremko: Ya nini, dogo? Bei inategemea belo, hali ya begi na sura uliyokwenda nayo sokoni. Nenda asubuhi.

Mdau wa Njiro: Mkuu, kwa hiyo begi la shule la mwanangu halifai?

Mzee wa Miteremko: Hatua ya 3. Lipime.

Binti Kibosho: Asante kwa somo, kaka. Swali la kina dada: mikanda ya kifuani inapita katikati kabisa, na zile chupa za mbele zinabana mpaka inauma. Nikilegeza, begi linaruka. Nifanyeje?

Mzee wa Miteremko: Swali zuri, dada, na nilitakiwa niliandike juu. Kwanza, ukipima kifua pitisha futi kamba pale palipo pana zaidi, juu ya sidiria unayokimbilia, kwa sababu mabegi haya hupimwa kwa kifua, si kwa urefu wa mtu. Pili, tafuta lenye mikanda miwili: mmoja upande juu ya matiti, mwingine ushuke chini yake, katikati pabaki wazi. Kama imeshonwa sehemu moja, fundi anaweza kuihamisha, ni kazi ndogo. Tatu, ondoa chupa ngumu mbele. Maji yarudi mgongoni, mifuko ya mbele ibaki na simu na vya kula. Ukishajaribu rudi utuambie, kuna wengi wana shida hiyo hiyo na hawaulizi.

Mama Junior: Hapo kwenye kuhamisha mkanda, mwambie fundi ashone msalaba ndani ya mraba, asipitishe mstari mmoja. Wangu uling'oka Materuni.

Mzee wa Miteremko: Sikilizeni huyo.

Chalii wa Sakina: Arif, mitumba ni ya watu wasio na hela. Mlima unataka vifaa vya maana, jipya la dukani ndiyo usalama.

Mzee wa Miteremko: Chalii yangu, hela ukiwa nazo nunua jipya, sijakukataza. Ila usiniambie mlima unasoma lebo. Simon Mtuy, mkimbiaji wetu wa milimani, mwaka 2006 alipanda Kilimanjaro kwa njia ya Umbwe na kurudi chini kwa saa 9 na dakika 21, akibeba mwenyewe maji, chakula na nguo zake. Watu wanakumbuka saa zake. Wewe unakumbuka begi lake lilikuwa la kampuni gani? Halafu hatua ya 5 inahusu hata jipya. La dukani nalo linachubua.

Chalii wa Sakina: Nilikuwa nauliza tu.

Mzee wa Miteremko: Hukuuliza.

Mgumu Mstaafu: Vijana, mimi nimebeba mizigo ya kilo 20 miaka mingi. Kizito kikae juu na kishike mgongo, kisikae nje kwenye mfuko wa nyuma. Chupa ukiiweka nje inakuvuta kwa nyuma, ukishuka unakaza mapaja bure mpaka magoti yanalia.

Mzee wa Miteremko: Shikamoo mzee. Hilo nilitaja nusu, umelimalizia. Ahsante sana.

Mdau wa Njiro: Na ule mfuko wa maji wenye mpira wa kunyonya, nao nichukue wa mtumba?

Mzee wa Miteremko: Sasa umeuliza. Angalia ndani ya mpira kwenye mwanga. Ukiona vidoa vyeusi, ni ukungu, acha. Mimi begi nanunua la mtumba lakini kinachoingia mdomoni natafuta kipya, au nabeba chupa za kawaida. Ukiwa nao, ujaze, ufunge, upindue kichwa chini, unyonye hewa yote itoke. Maji hayatacheza tena. Ukirudi uoshe kwa maji ya vuguvugu na ndimu, uweke kijiti ndani ubaki wazi, uning'inize mpaka ukauke.

Binti Kibosho: Na begi lenyewe linafuliwaje? Langu lina ramani nyeupe za chumvi.

Mzee wa Miteremko: Maji baridi, sabuni ya kipande kidogo, kwa mkono. Suuza zipu vizuri, chumvi ya jasho ndiyo inayoziua. Anika kivulini, jua linakula nailoni.

Dogo Soweto: Chakula gani hakipondeki humo? Ndizi yangu juzi imepaka simu yote.

Mama Junior: Viazi vitamu vya kuchemsha, umevikata na kuvipaka chumvi. Au kashata. Ndizi kula kabla hujatoka.

Mzee wa Miteremko: Na simu ifunge kwenye mfuko wake peke yake, dogo. Jasho la mgongo limeua simu nyingi kuliko ndizi.

Chalii wa Sakina: Mbwa je? Juu ya Ilboru wananifukuza kila nikipita alfajiri.

Mzee wa Miteremko: Acha kukimbia. Tembea, usimpe mgongo, inama kama unaokota jiwe. Wengi wanarudi hapo hapo. Asiyerudi, msalimie mwenye nyumba kwa sauti ili atoke amwite mbwa wake, na kesho upite baada ya kupambazuka.