Shirika la Masista na Shule Yake Wakivutana: Pa Kuanzia

Mimi ni mhasibu katika shule ya masista, na magomvi ninayoyaona huzuka penye pesa na uhamisho.

Tenganisheni akaunti za benki. Ada ya mwanafunzi isilipie chakula cha konventi, yaani nyumba ya masista. Mnachonunua pamoja, mathalani mahindi au dizeli, kiandikwe siku hiyo hiyo kila upande umechukua kiasi gani. Gari liwe na daftari la safari: dereva ajaze kilomita na aliyemtuma, na sista naye asaini hata akienda kwenye misa ya nadhiri. Masista wanaofundisha walipwe mshahara kwa mkataba kama walimu walei, wasio watawa. Hiyo ni haki, wala si kukosa heshima.

Uhamisho ni mgumu zaidi, maana sista ameweka nadhiri ya utii. Mwandikieni mapema Mama Mkuu, kiongozi wa shirika, mkimwomba asimhamishe mkuu wa shule kabla ya mtihani wa kidato cha nne, Novemba.

Kama shule ni ya jimbo la askofu na shirika limekabidhiwa tu kuiendesha, ulizeni mkataba uko wapi. Kanuni ya 681 ya Sheria za Kanisa za 1983 inautaka kwa maandishi, kati ya askofu na shirika, ukitaja kazi, watawa watakaopangwa na mambo ya fedha. Kifungu cha fedha kisomwe mbele ya bodi nzima.