Kariri Mifupa Sita Tu ya Fuvu, Mingine Itajihesabu
Nilipokuwa nikirudia somo la anatomia, niligundua kwamba hakuna haja ya kukariri mifupa yote 22 ya fuvu la mtu mzima, kwani inatosha kuishika sita isiyo na pacha: wa paji la uso, wa kisogo, sfenoidi (ulio chini ya ubongo, nyuma ya macho) na etmoidi (ulio kati ya macho) katika sehemu inayohifadhi ubongo, kisha vomeri (mfupa mwembamba unaogawa pua ndani) na taya la chini upande wa uso. Kila mfupa uliobaki una mwenzake, yaani wa utosi, wa panja, wa shavu, wa pua, wa machozi, wa kaakaa, wa taya la juu na konka ya chini ya pua (mfupa mwembamba uliojikunja ndani ya pua). Jozi hizo nane ni mifupa 16, na ukiongeza ile sita unapata 22. Njia hii inafaa kwa sababu mfupa usio na pacha hukaa juu ya mstari wa katikati ya kichwa. Usiugeuze usemi huo, hata hivyo, ukasema kila mfupa unaofika katikati hauna pacha, maana mifupa miwili ya utosi nayo hukutana katikati, lakini kati yake upo mshono, yaani mstari wa maungio. Hesabu hii haifai kwa kichanga, ambaye paji na taya lake la chini bado ni nusu mbili mbili, wala kwa kitabu kinachojumlisha vifupa sita vya masikio na kufikisha 28. Kwa hiyo soma kwanza swali linataka hesabu ipi.