Krimu ya estrojeni: nilivyoitumia mimi

Mashoga zangu, ukeni kukichoma baada ya hedhi kukoma kabisa ukubwani, si husuda. Mimi hapa Kibokoni nilihangaika miaka miwili, najifukiza udi, najiosha kwa sabuni ya marashi, na moto ukazidi. Viache vyote, maji matupu yatosha.

Kwanza upimwe, maana si kila maumivu yaletwa na upungufu wa estrojeni, homoni ya kike ipunguayo hedhi ikikoma. Mwambie daktari kama umewahi kuugua saratani ya matiti, au ukiona damu. Akikuandikia krimu ya estrojeni, fuata kipimo chake. Mimi niliipaka kila usiku wiki 2, kisha Jumatatu na Alhamisi (siku za funga ya sunna, hivyo sisahau). Nafuu ilikuja wiki ya 8. Bado naipaka.