Kusoma manyoya ya kofia ya askari kwenye picha ya zamani

Malindi ilidondoshewa mabomu na ndege za Italia mwaka 1940, na leo Waitalia ni wakaazi wenzetu. Ndiyo maana picha za wanajeshi wao haziishi kuletwa kwangu nizitambue. Nifanyavyo ni hivi.

1. Rangi iache kwanza. Filamu nyingi za zamani hazikuhisi wekundu, hivyo chekundu hutoka cheusi. Shungi jekundu la Black Watch, kikosi cha Scotland, laweza kukudanganya kabisa.

2. Hakikisha picha haikugeuzwa, kulia ikawa kushoto, wakati wa kusafishwa. Koti la mwanamume hufungwa upande wa kushoto ukiwa juu ya kulia.

3. Sasa tafuta upande, kulia au kushoto kwake yeye mvaaji, si kwako. Hapa usiwe na haraka. Shada zito la manyoya meusi kulia ni la Bersaglieri, kikosi cha Italia alichokiunda Alessandro La Marmora mwaka 1836. Husemwa liliwekwa pale likinge jicho la kulia na jua wakati wa kulenga shabaha. Unyoya mmoja uliosimama kushoto ni wa Alpini, askari wa milimani wa Italia, tangu 1872. Na kwao unyoya ni cheo: wa kunguru kwa askari wa kawaida, wa tai kwa maofisa hadi kapteni, mweupe wa bata bukini kuanzia meja. Unyoya mmoja wa kofia, nawe umeshajua kikosi na daraja! Alpini walipigana Keren, Eritrea, mwaka 1941, kwa hiyo usishangae kuwakuta kwenye albamu za upande wetu huu wa Afrika.

4. Manyoya marefu yaning'iniayo juu ya helmeti nyeupe? Huyo aghalabu ni gavana wa Kiingereza. Ni sare ya utawala, usimwite jenerali.

5. Shungi fupi lililosimama, juu jeusi chini jeupe, rudi hatua ya kwanza: huenda ni jekundu juu ya jeupe, la Fusiliers, kikosi cha Uingereza. Wao husimulia kwamba weupe ule waliuteka kwa Wafaransa huko St Lucia mwaka 1778. Wekundu uliongezwa 1829.

6. Andika nyuma ya picha kwa penseli laini, mistari miwili. Wa kwanza ulichokiona: "unyoya mmoja, kushoto, mweupe." Wa pili unachokidhania: "Alpini, meja au zaidi." Usiichanganye, maana atakayeishika picha baada yako ataanzia kwenye mstari wa kwanza.