Fyuzi ya pawa saplai ya redio inakatika kila ukiiweka? Anzia hapa

Kabla ya kuweka fyuzi mpya, itazame ile iliyokatika kwenye mwanga. Kioo kikiwa cheusi au kina utando wa rangi ya fedha ndani, kuna shoti. Kikiwa safi na uzi umekatika katikati tu, fyuzi ilizidiwa kidogo kidogo au imechoka. Soma na kofia yake: T huchelewa kukatika, F hukatika haraka. Transfoma kubwa, hasa ya duara, huvuta umeme mwingi mno inapowashwa tu, kwa hiyo F iliyowekwa mahali pa T itakatika hata kama kila kitu ni kizima.

Maelezo haya ni ya pawa saplai ya transfoma inayotoa volti 13.8 kwa redio ya mawasiliano (ya kurusha na kupokea). Chomoa plagi, kisha maliza chaji ya kapasita kubwa kwa rezista ya ohm 100, wati 10, hadi mita isome chini ya volti 1.

Kifaa bora cha kazi hii ni balbu ya nyuzi ya wati 100 (si ya LED), iliyofungwa kwa mfuatano kwenye waya wa moto. Washa ukiwa umetoa redio. Balbu ikimweka kisha ikafifia, hakuna shoti. Rudisha macho kwenye redio, hasa dayodi inayoilinda waya zikigeuzwa. Hiyo hufa kwa shoti mtu akikosea chanya na hasi. Balbu ikiendelea kuwaka kwa nguvu, chomoa plagi, tenga nyaya za sekondari ya transfoma (upande wake wa kutokea) na briji ya dayodi (dayodi nne zinazogeuza AC kuwa DC), ujaribu tena. Bado inawaka? Tatizo ni transfoma au vilivyo kabla yake. Imefifia? Pima briji: kila dayodi isome volti 0.5 hadi 0.7 upande mmoja tu. Ikisoma sifuri pande zote, imekufa. Briji ikiwa nzima, pima kapasita.

Kuna kosa moja linalokula fyuzi nyingi bure. Transista ya kupitisha umeme, mfano 2N3055, ikipiga shoti kati ya kolekta na emita (sehemu zake mbili umeme unapopita), volti za kutokea hupanda, thairista ya ulinzi (swichi inayopiga shoti makusudi volti zikizidi) inapitisha umeme, fyuzi inakatika. Thairista imefanya kazi yake. Usiitoe, utaunguza redio. Transista zikiwa kadhaa sambamba, chomoa kila moja uipime peke yake, kwani moja mbovu huzifanya zote zionekane mbovu.

Fyuzi ikikatika wakati wa kurusha tu, kagua vibanio vyake. Kibanio kilicholegea na kubadilika rangi huipasha fyuzi joto hadi ikate chini ya kiwango chake. Redio ya wati 100 huvuta ampea 20 hivi, kwa hiyo hata mguso dhaifu ni moto.

Ukimaliza, washa kwanza kupitia balbu, pima 13.8 bila redio, ndipo uondoe balbu na kuweka fyuzi ya kiwango kilichoandikwa kwenye kasha. Si waya, si karatasi ya sigara.