Blanketi la vipande vya vitenge: unaanzaje ukiwa Kigoma

Kama ndani una mfuko umejaa vipande vya vitenge vilivyobaki uliposhonesha sare za harusi na za sendofu, tafadhali usivifanye matambara ya kudekia. Hilo ni blanketi. Na sisi wa Kigoma tuna bahati kwenye hili jambo maana vitenge vya Kongo na vya Burundi vinapita hapa hapa kwetu, kila fundi wa Mwanga au Ujiji ana kiroba cha mabaki chini ya cherehani, mengi yanaishia kuchomwa na takataka, kitu ambacho kinaniumaga kweli.

Usianze na blanketi la kitanda, anza na la mtoto mchanga, lile la kumpelekea mzazi ukienda kumwona. Vipande 36 tu, sita kwa sita, likiisha linakuwa kama inchi 36 kila upande. Unalimaliza bila kuchoka na unajifunza kila kitu kilichomo kwenye lile kubwa.

Kwanza vipande. Kama vya kwako havitoshi nenda kwa mafundi, na uende asubuhi kabla wateja hawajajaa. Wiki za kuelekea Idi na Krismasi viroba vinafurika ila fundi mwenyewe hana muda wa kukusikiliza, kwahiyo nenda sikukuu ikishapita. Salimia vizuri, "shikamoo mzee, pole na kazi, naomba nichambue hayo mabaki kama huna shughuli nayo", wengi watakwambia chukua mwanangu, nawe rudi siku nyingine hata na maandazi, maana huyo ndo atakuwa duka lako. Kipande kikifika shibiri moja kila upande kichukue, vile vyembamba vya kwenye mikono na shingo viache. Halafu chukua pamba tu. Kama huna uhakika chomoa nyuzi mbili tatu uziwashe nje juu ya sahani yenye maji: pamba inaungua kama karatasi inaacha jivu jepesi, nailoni inayeyuka inafanya kigololi kigumu. Hiyo ya kigololi usiichanganye, itakusumbua kwenye pasi na haitakaa sawa na wenzake.

Fua vyote kabla ya kukata. Kitenge kipya kina ule wanga unaokifanya kikakamae, na kikifuliwa kinarudi kidogo, sasa ukishona cha zamani na kipya bila kufua, siku ya kwanza ya kufua blanketi linajikunja kunja. Vyekundu na bluu iliyokolea fua peke yake mpaka maji yatoke meupe. Wapo wanaosema loweka na chumvi rangi ikae, mimi siitegemei chumvi, nategemea maji meupe. Kama hata baada ya kufua mara kadhaa bado kinachuja, kiweke pembeni kabisa hata kiwe kizuri vipi.

Kukata: tafuta boksi gumu, kata kipimo cha mraba inchi 6 na nusu kila upande, pembe uzihakikishe kwa kona ya daftari. Hapo ndani kuna robo inchi ya mshono kila upande, kwahiyo kikishashonwa kinabaki inchi 6. Weka kipimo juu ya kitambaa, chora kwa chaki, kata na mkasi ambao huutumii kukatia karatasi. Mnaniuliza kwanini nisikate vidogo vidogo kama yale mablanketi ya Marekani tunayoyaona kwenye simu. Kitenge chetu maua yake ni makubwa, kuna wa ndege, kuna wa jicho, kuna wa feni, ukikikata inchi 2 yule ndege anabaki bawa tu hujui ni nini. Inchi 6 inamwacha ndege akiwa ndege. Na sogeza kile kipimo juu ya kitambaa mpaka ua likae katikati, ndo uchore, usikate tu pale ulipoangukia.

Sasa kupanga, na hapa ndo naomba usiwe na haraka kabisa, maana blanketi zuri na baya vinatofautiana hapa, sio kwenye ushonaji. Watu wanahangaika na rangi, hii inaendana na hii, njano na zambarau sijui vipi. Vitenge vina rangi tano sita kwenye kipande kimoja, ukianza kulinganisha rangi utakesha. Angalia mwanga na giza. Tandika vipande vyote chini sakafuni, vilivyokolea lundo moja, vyeupe vyeupe lundo jingine, afu panga kimoja cha giza kimoja cha mwanga kama ubao wa drafti. Simama juu ya stuli upige picha, ingia kwenye simu uigeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Utashangaa! Kile ulichodhani kinang'aa kwasababu ni chekundu kinaonekana cheusi tii, na kile cha kijani kimelingana na jirani yake hadi mpaka hauonekani. Badilisha, piga tena. Macho yanadanganywa na rangi, picha isiyo na rangi haidanganyi. Ukiridhika iache hiyo picha kwenye simu, ndo ramani yako, maana watoto watapita hapo, kuku atapita, na upepo wa ziwa ukiingia mlangoni unakupangia upya. Andika namba kwa chaki nyuma ya kila kipande.

Kushona ni kazi nyepesi kuliko unavyofikiria. Unganisha vipande vya mstari mmoja, mshono robo inchi. Kama cherehani yako ya zamani haina alama, pima robo inchi kutoka kwenye sindano ubandike plasta pale, kitambaa kinapita kinagusa ukingo wa plasta na mshono unanyooka wenyewe. Piga pasi kila mstari. Mshono wa mstari wa kwanza ulaze kulia, wa pili kushoto, wa tatu kulia, hivyo hivyo hadi mwisho, ili ukija kuunganisha mistari ile mikunjo ipishane na ikamatane, kona zinakutana barabara bila kuvuta. Wenye pasi ya mkaa, ipulizieni majivu nje kwanza na mjaribu kwenye kipande cha kutupa, cheche moja inatosha kutoboa kazi yote.

Katikati unaweka nini? Hapa ziwani joto lipo karibu mwaka mzima, usijaze sponji wala pamba nene. Blanketi jepesi lililochoka au shuka zito la mtumba linatosha. Ila kama unampelekea ndugu Kasulu au Kibondo, kule kuna baridi ya ukweli, weka blanketi zito kidogo. Bitana ya chini kata inchi 40 kwa 40, yadi moja na robo ya kitenge inatosha maana upana wake ni kama inchi 45. Tandaza bitana sakafuni uso ukiwa chini, ibane kwa selotepu ikakamae kidogo, juu yake lile la kati, juu kabisa vipande vyako uso ukiwa juu, afu piga bandi kwa mkono, yaani mishono mirefu ya kushikiza kwa muda, kuanzia katikati kwenda nje. Usifanyie juu ya mkeka, utashonea na mkeka.

Kushikiza hizo tabaka tatu moja kwa moja kuna njia mbili. Unaweza kupita na cherehani kwenye mishono, ukianzia katikati. Au ufunge mafundo, uzi mnene, kwenye kila kona vipande vinne vinapokutana, shuka na sindano panda tena, funga mara mbili, kata uache mkia mfupi. Mimi napenda mafundo kwasababu hayahitaji umeme wala meza. Hii ndo kazi ya kutoka nayo: Jumapili tunaenda na wenzangu ufukweni upande wa Katonga, kila mtu na lake, tunakaa kivulini tunafunga huku tunaongea, na nikipanda treni ya kwenda Tabora nalifungia mapajani, nikifika Uvinza nimeshasogea mbali na siti nzima imeshaomba nifundishe. Kibirizi usiende nalo tu, kule dagaa wameanikwa na harufu inaingia kwenye kitambaa haitoki upesi.

Pindo: kata kanda za inchi 2 na nusu, nne za upana wa kitenge, ziunge ziwe kamba moja, ikunje katikati kwa urefu upige pasi. Shonea upande wa juu kuzunguka lote, punguza yaliyozidi, geuza nyuma umalizie kwa mkono.

Ukilipenda hilo dogo nenda kwenye la kitanda cha futi 4 kwa 6. Vipande 130, kumi kwa kumi na tatu, linatoka inchi 60 kwa 78, linaning'inia pembeni vizuri. Pisi moja ya yadi 6 inatoa bitana, ukiunga pana mbili, na pindo lote linapatikana humo humo.

Kulifua tumia maji ya baridi na sabuni kidogo, anika limegeuzwa bitana juu ili jua lisile rangi. Likimwagikiwa mawese usilie, sugua na sabuni ya vyombo na maji ya moto mafuta yatoke, ile alama ya chungwa itakayobaki iweke juani, hapo ndo unaligeuza uso ulioingia doa uangalie juu, na jua litaifuta. Ila ukiona imefutika litoe.