Kabla ya kufunga dari Goma

Nyumba nyingi hapa Goma, ziwe za mbao au za matofali, zimeezekwa mabati, na dari hufuata baadaye, pesa ikipatikana. Tatizo ni kwamba tukiipiga tunaziba kila upenyo, na ile nafasi ya juu haipati hewa tena.

Kwa hiyo, kabla ya kumwita fundi, amka mapema baada ya usiku usio na mvua, panda ngazi, uchungulie bati kwa upande wa chini. Ukikuta matone yamejipanga na ncha za misumari iliyopitiliza mbao zina kutu, paa lako halivuji. Mji uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo usiku ni baridi na bati hupoa, na mvuke wa sufuria, wa nguo zilizoanikwa ndani na wa pumzi za waliolala hupanda hadi pale na kugeuka maji. Hapo hata upake lami juu ya misumari yote, ni kutupa pesa.

Hewa inatakiwa iingie chini, kwenye ukingo wa paa, itokee juu, karibu na kofia (bati linalofunika kilele cha paa) au kwenye pembetatu ya ukuta. Matundu ya upande mmoja hayasaidii sana. Kipimo kimoja cha wajenzi ni sehemu 1 kwa 150 za eneo la dari: nyumba ya mita 6 kwa 5 inahitaji mita ya mraba 0.2, yaani matundu 20 ya sentimita 10 kwa 10, nusu chini, nusu juu. Ongeza machache, maana waya wa kuzuia popo na wadudu nao unapunguza hewa.

Kuvuja kwenyewe kupo pia. Moshi wa volkano ya Nyiragongo una gesi ya salfa, ikikutana na mvua inakuwa tindikali inayokula mabati. Ukiona mwanga wa jua kupitia bati, badilisha kwanza.

Na matundu ya paa hayaondoi sumu ya mbabula, jiko la makaa. Makala yakiwaka, dirisha libaki wazi, baridi au isiwe baridi.

Afadhali kazi ifanyike Julai au Agosti, mvua zikiwa zimepungua. Mwambie fundi aache kimlango kwenye dari, mtu mzima aweze kupitisha mabega. Wengi hukataa wakisema kinaharibu sura ya sebule. Basi akiweke chumbani.